Fremu ya Tangi la Samaki Si Urembo

Hapa Mununga, kando ya Ziwa Mweru, samaki twamjua zaidi akiwa chunguni. Hata hivyo, zipo nyumba zenye tangi la kioo sebuleni, na wenyewe hutamani kulivua fremu ya plastiki libaki kioo kitupu.

Fremu ya juu ni mshipi uzuiao vioo visibinuke kwa msukumo wa maji, na maji yakizidi kimo msukumo nao huzidi. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 huchukua lita 54, yaani kilo 54 za maji matupu. Lenye mhimili uliokatiza katikati juu, liacheni. Mtengenezaji hakuuweka bure.

Tangi dogo limwageni maji yote, kisha kateni gundi ya fremu polepole kwa wembe, pasipo kuigusa silikoni iunganishayo vioo. Kingo kali zipigwe msasa uliolowa. Fremu ya chini ikiondoka, tandikeni sponji juu ya meza iliyo sawa, maana punje ya mchanga yaweza kupasua kitako. Lijazeni uani, mbali na watoto, likae juma zima bila samaki. Vioo vikibinuka, rudisheni fremu.