Alizeti ya maua: mbegu ibaki nyumbani

Wamama wa kooperativi hapa Kisangani wananiuliza: ile alizeti ya kupamba paseli, mbegu tutanunua kila mara? Mimi nasema hapana. Mbegu nyingi za pakiti ni hibridi. Ukizirudisha udongoni, watoto hawafanani na mama. Zingine hazina hata chavua, ule unga wa njano nyuki anaoutafuta.

Mutafute isiyo hibridi. Mupande palepale itakapokaa, sentimita 2 au 3 chini, kwenye jua. Kuihamisha inaumiza mzizi.

Adui yetu ni mvua. Hapa karibu na ikweta inanyesha karibu mwaka mzima, na kichwa kikikomaa ndani ya maji kinaoza. Kwa maua tu, panda wakati unapenda. Kwa mbegu, panda mwanzo wa Oktoba, uvune Januari mvua ikipungua.

Kisichonipendeza ni hii: tunauza maua makubwa, halafu tunaacha yale madogo ya mwisho yatoe mbegu. Kinyume kabisa! Chagueni mimea 10 hivi iliyo mizuri kuliko yote, sababu alizeti inataka chavua ya mwenzake. Fungeni kamba kwenye shina, hata jirani mwenye ndoa akija kuomba maua ajue hayo hayakatwi.