Nani Kasema Damu ya AB Haina Kazi?

Timu ya kuchukua damu ikija shuleni, wenye kundi la O hutembea vifua mbele kama wafalme. Wenye AB hujikunyata nyuma na kusema, "Mimi ni wa kupokea tu, yangu itamsaidia nani?" Wengine, nawajua, hufurahi kupata kisingizio cha kuikwepa sindano!

Naonelea hilo ni nusu ya somo. Tulichokariri katika Biolojia ni habari za seli nyekundu. Ni kweli, seli nyekundu za O hasi zaweza kupewa karibu kila mtu, na za AB ni za AB wenzao. Lakini damu si seli nyekundu peke yake. Kuna plazma, yale majimaji ya manjano, na humo huelea chembe sahani, zile zinazogandisha damu mtu akijeruhiwa. Huku mambo hupinduka. Plazma ya O ina kingamwili za kushambulia A na B. Ya AB haina hata moja ya hizo, basi hupewa mtu wa kundi lolote. Haya, mfalme ni nani sasa?

Chembe sahani ndizo zinazonitia wasiwasi. Seli nyekundu hukaa kwenye friji siku 35 au zaidi. Chembe sahani kwa kawaida hukaa siku 5 hivi tu, basi. Na mgonjwa mmoja wa saratani ya damu aweza kuhitaji, kwa mara moja, zilizotolewa katika pakiti 4 hadi 6 za damu.

Hapa Kenya huchangia mwenye afya njema, wa miaka 16 hadi 65, mwenye kilo 50 au zaidi. (Mimi nimetimiza 16, ila mizani inagoma kwenye 48. Nala ugali kwa bidii.) Ndiyo maana wanafunzi wa sekondari tumekuwa nguzo ya benki za damu, na shule zikifungwa akiba hupungua. Kwani wagonjwa nao huenda likizo?

Sisi wa kutwa hulala nyumbani. Naomba chama chetu na walimu wa Biolojia wapange siku moja ya likizo ya Agosti, twende pamoja, AB wakiwa mbele ya foleni. Aliyemeza aspirini siku hizo amwambie muuguzi mapema, maana dawa hiyo hulemaza chembe sahani.