Kutupa Vidonge vya Usingizi Si Ushujaa

Familia zetu zina hadithi zinayoipenda sana. Mama mtu mzima amemeza Valium kila usiku tangu afiwe na mumewe. Siku moja, kwa nguvu ya maombi au kwa kukaripiwa na wanawe, anaitupa pakiti chooni na kutangaza kwamba amekoma. Anapongezwa hadi kwenye kikao cha ukoo. Yanayompata juma linalofuata hayasimuliwi.

Mimi nasema pongezi hizo ndizo zinazowarudisha watu kwenye duka la dawa.

Diazepam, ambayo wengi tunaijua kwa jina hilo la Valium, iliingia sokoni mwaka 1963. Yenyewe na ndugu zake, kina lorazepam na alprazolam, huipa nguvu kemikali ya ubongo iitwayo GABA, ambayo kazi yake ni kama ya breki. Ubongo unaosaidiwa kukanyaga breki kila usiku kwa miaka huziacha breki zake wenyewe zilegee. Ukiiondoa dawa kwa mkupuo, hakuna cha kuuzuia: moyo unadunda, jasho linatoka, mikono inatetemeka, na usingizi unapotea kuliko ulivyokuwa umepotea kabla ya kidonge cha kwanza. Wapo wanaopata degedege, na degedege hiyo inaweza kuua.

Tena diazepam hukawia mwilini kwa siku kadhaa, kwa hiyo mwanzoni mambo huonekana mepesi. Watu wakishamaliza kupongeza, ndipo mama anaanza kukesha. Saa tisa usiku anafikia uamuzi ambao hata mimi ningeufikia: bila dawa silali. Asubuhi anamtuma mjukuu. Hakuna aliyemweleza kwamba kilichomnyima usingizi ni pengo lililoachwa na dawa, wala si uthibitisho kwamba aliumbwa kuimeza mpaka kaburini. Sasa ameongezewa na aibu, na mwenye aibu hamwambii daktari kitu.

Njia nyingine inajulikana siku nyingi. Huko Newcastle, Uingereza, Profesa Heather Ashton aliendesha kliniki ya watu wa namna hii kuanzia 1982 hadi 1994, na mafunzo yake yakawa mwongozo: punguza kidogo kidogo, na mgonjwa awe na kauli juu ya mwendo. Mwongozo wa madaktari wa Marekani wa mwaka 2025 unashauri kuanza kwa kupunguza asilimia 5 hadi 10 kila baada ya wiki 2 hadi 4. Kwa anayemeza miligramu 10, hiyo ni nusu miligramu au moja. Piga hesabu mwenyewe: ni miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka. Na nusu miligramu haikatwi kwa wembe kutoka kwenye kidonge cha miligramu 5. Hapo anahitajika mfamasia, na vidonge vya miligramu 2 vipo.

Wanaodhani wazee wanahitaji kukemewa waangalie Quebec, Kanada. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, wazee wanaotumia dawa hizi walipewa kijitabu kinachoeleza hatari zake na ratiba ya kupunguza hatua kwa hatua. Baada ya miezi 6, asilimia 27 walikuwa wameacha kabisa. Kwa wasiopewa kijitabu, ni asilimia 5.

Najua nitakachojibiwa: fulani aliacha siku moja na yuko hai. Labda alizimeza wiki mbili, au mwili wake ulimhurumia. Mama aliyezimeza miaka minane si fulani.

Kinachonikera zaidi ni ubaguzi wetu. Tangu 2011 Hospitali ya Muhimbili inawapa methadoni watumiaji wa heroini, kila siku, chini ya uangalizi, na anayefikia kuiacha hupunguziwa taratibu. Tumekubali kwamba teja ana arosto, yaani mateso ya kukosa dawa, na anahitaji muda. Bibi mwenye cheti cha daktari tunamwambia ajikaze, eti arosto ni ya vijiweni.

Na madaktari wasijifiche nyuma ya familia. Uingereza iliwaambia waganga wake tangu 1988 kwamba dawa hizi ni za wiki 2 hadi 4. Anayeandika “1 usiku” bila tarehe ya mwisho, kisha miaka sita baadaye anasema “acha leo”, amekosea mara mbili. Cheti cha kuanza kiwe na siku ya kumaliza, na aliyekwisha kuzoea aandikiwe ratiba ya kushuka: miligramu ngapi mwezi huu, ngapi ujao, arudi lini.

Aliyekwisha kuacha ghafla na sasa anatetemeka au anaona visivyokuwepo asipelekwe kwenye maombi kwanza, wala asipewe bia ya kumtuliza. Apelekwe hospitali usiku huohuo, na anayempeleka abebe pakiti tupu ili daktari ajue ni dawa gani, ya miligramu ngapi.