Mtu wa Tatu Katika Picha

Katika duka la kinyozi wangu, hapa Mji wa Kale Mombasa, ipo picha iliyotundikwa ukutani miaka mingi hata imegeuka rangi. Ni ya Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974. George Foreman yuko chini, Muhammad Ali amesimama, na kati yao yuko refa akihesabu. Marehemu baba alikuwa akisimulia kwamba huku kwetu kulikuwa ndio kwanza kunapambazuka, na wazee walitoka kuswali wakaizunguka redio moja, kila mmoja akimwombea Ali dua kama mtoto wake wa kumzaa.

Juzi nilikwenda hapo na mpwa wangu, barobaro wa miaka kumi na minane ambaye hakeshi kwa ibada wala kwa masomo, bali kwa kutazama mpira wa vikapu wa Marekani. Alipokuwa akingoja zamu yake akaniuliza, "Mjomba, huyu mtu wa tatu ni nani?"

Nikamwambia ni Zack Clayton, na kwamba kabla ya kuwa refa wa ngumi alikuwa miongoni mwa mafundi wa huo mpira wake wa vikapu. Mpwa wangu akatabasamu. "Alichezea timu gani ya NBA?"

"Hata moja."

"Basi hakuwa hodari, mjomba. Angekuwa hodari angefika."

Neno hilo, angefika, nililipeleka nyumbani nikalala nalo, na asubuhi likanishikisha kalamu. Maana sikulisikia kwake peke yake. Ndilo neno la zama hizi. Asiyeonekana kileleni huhesabiwa kuwa hakupanda, wala hapana anayeuliza kama ngazi ilikuwapo.

Hebu tumtazame huyo Clayton. Mwaka 1939 alikuwa katika timu ya New York Renaissance, ya watu weusi watupu, iliyotwaa ubingwa wa mashindano ya dunia ya wachezaji wa kulipwa huko Chicago. Mwaka 1943 akautwaa tena, safari hii akiwa na Washington Bears. Ligi ambayo leo twaiita NBA ilianzishwa 1946, na mtu mweusi hakukanyaga uwanja wake mpaka tarehe 31 Oktoba 1950, alipocheza Earl Lloyd. Kwa miaka hiyo minne, bingwa wa dunia mara mbili angefika kwa mlango gani?

Alikofika ni Hazleton, mji wa wachimba makaa katika jimbo la Pennsylvania. Mwaka huo huo wa 1946 ilikuwa imezaliwa huko ligi ndogo ikiitwa Eastern League, na timu ya Hazleton ikawachukua watu weusi watatu: Clayton, John Isaacs na Bill Brown. Ligi hiyo ilikuwa ya nusu kulipwa. Siku za kazi mchezaji alikuwa mwalimu wa shule au mtu wa kiwandani. Jumamosi na Jumapili walibanana ndani ya gari moja, wakapita katika theluji kwenda Scranton, Allentown, Sunbury au Wilkes-Barre, wakacheza kwa dola chache, na Jumatatu asubuhi kila mtu akarudi kazini kwake.

Msomaji asidhani huo ulikuwa mchezo wa kujifurahisha. Kutoka 1955 hadi 1961 NBA ilikuwa na timu nane tu, kwa hivyo wachezaji wake wote kwa jumla hawakutimia mia moja. Na ndani ya mia hiyo palikuwa na hesabu nyingine, isiyoandikwa katika kanuni yoyote lakini wakongwe wa wakati ule wameisimulia mara kwa mara: timu huchukua mweusi mmoja, wawili, labda watatu, kisha mlango hufungwa. St. Louis Hawks walikuwa mabingwa wa 1958 bila ya mweusi hata mmoja. Katika Eastern League, msimu wa 1955 na 1956, Hazleton ilikwisha kuanza mchezo na watano weusi. Katika NBA jambo hilo halikuonekana mpaka Disemba 1964, kwa timu ya Boston. Hata mtupo wa alama tatu, ambao mpwa wangu anaamini ulizaliwa siku moja na Stephen Curry, ligi hiyo ndogo iliutumia tangu 1964. Hawakuubuni wao, lakini NBA iliukubali 1979.

Sitaki kuwafanya wote kuwa watu waliodhulumiwa, insafu haikubali. Miongoni mwa watano wale wa Hazleton alikuwamo Sherman White, aliyeongoza vyuo vyote vya Marekani kwa kufunga kabla ya kukamatwa 1951 katika kashfa ya kuuza michezo kwa wacheza kamari. Yeye alikiri, akafungwa, na NBA ikamfungia maisha. Hapo kamari ilikula ilipokula kila mara. Lakini Bill Spivey, jitu la futi saba, mzungu wa Chuo Kikuu cha Kentucky, alikana tangu mwanzo. Alishtakiwa kwa kusema uongo mbele ya mahakama, baraza la wazee wa hukumu likashindwa kuafikiana, kesi ikafa. NBA ikamfungia vile vile. Akazeeka katika ligi ndogo, akizunguka miji ya makaa na jina lisilosafika wala kuthibitika.

Ushahidi ulionikinaisha mimi ni wa Bob Love. Mwaka 1965 timu ya Cincinnati ilimwacha, akaenda kucheza Trenton katika Eastern League. Mwaka uliofuata wakamchukua, kisha akahamia Chicago akawa nyota wa timu. Sasa niambie: mwaka ule wa Trenton hakuwa hodari? Miguu ilikuwa ile ile na mikono ile ile. Waliobaki Trenton baada yake, nani alipata kuwaita tena?

Nakumbuka chuoni kwetu tulikuwa na mwenzetu ambaye akifungua kisomo hata mwalimu huweka bakora chini. Hakupelekwa kusoma ng'ambo, kwa kuwa baba yake hakuwa na wa kumsemea. Alikuja kuchukua magunia bandarini mpaka mgongo ukamshinda. Sisi tuliosoma naye hatujasema hata siku moja kwamba sauti hakuwa nayo.

Mwaka 2022 NBA na chama cha wachezaji wake walikubali kutoa dola milioni 24.5 kwa wachezaji wapatao 115 wa iliyokuwa ligi ya ABA, ambayo baadhi ya timu zake ziliingizwa NBA 1976. Fedha hizo waliziita malipo ya utambuzi. Ni jina zuri, ingawa lilichelewa miaka arobaini na sita na wengi walikwisha kufa. Watu wa Eastern League hawamo. Walichopata wao, mwaka 2021, ni kitabu cha Syl Sobel na Jay Rosenstein ambacho kwa jina lake chasema walifungiwa nje ya NBA.

Kwa leo hoja ya mpwa wangu ina nusu ya ukweli. Timu ni 30, nafasi 450 na ushei, na rangi si kizuizi tena. Lakini kila mwaka wanaoteuliwa kuingia hawazidi 60, na vyuo vikubwa vinavyocheza daraja la juu vimepita 350. Hesabu hiyo naifanya apigie mwenyewe.

Nilirudi naye kwa kinyozi wiki hii, nikamweleza haya yote mbele ya picha. Akatoa simu yake akatafuta, akaona kwamba Isaacs aliingizwa katika jumba la mashujaa wa mpira wa vikapu 2015, naye Clayton 2017, wote wawili wakiwa makaburini.

"Na yule wa tatu, mjomba? Brown?"

Kinyozi akanigusa bega, akaniambia niinamishe kichwa.