Nyakakoma: kijiji cha samaki kisicho na shamba

Nyakakoma, kijiji kidogo kando ya ziwa Edouard katika teritware ya Rutshuru, kinaishi na kazi moja tu: uvuvi. Kulima kunakatazwa, juu kijiji kiko ndani ya mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Pamoja na Vitshumbi na Kyavinyonge, ni kimoja cha vijiji 3 ambavyo sheria inaruhusu kuvua upande wa Kongo. Muhogo, maharagi, ndizi: vyote vinatoka inje. Samaki ikikosa, na chakula inakosa.

Hapo mbele samaki ilikuwa nyingi, na viboko walisaidia sana. Usiku wanakula majani kwenye nchi kavu, mchana wanaacha mavi ndani ya maji. Mavi hiyo inakuza vitu vidogo vidogo vyenye tilapia inakula. Miaka ya 1970, viboko wa ziwa na mito yake walipita 25,000. Hesabu ya 2005 haikufika 1,000. Watu wenye silaha waliwaua juu ya nyama na meno.

Wakati ule ule wavuvi waliongezeka. Vita ilisukuma watu ziwani, vijiji visivyokubaliwa na sheria, kama Talihya na Lunyasenge, vikakua upande wa magharibi. Nyavu za matundu madogo zinabeba hata samaki watoto kule wanazaliana. Mvuvi mwenye kuheshimu sheria anarudi na kidogo, mwenye kuiba anauza. Wengi wanachoka kuheshimu.

Wenye kufuata samaki upande wa Uganda wanakamatwa. Julai 2018, hata wanamaji wa nchi hizi mbili walirushiana risasi. Mwaka 2024 vita ya M23 ikafika Vitshumbi na Ishasha, na barabara za kupitisha samaki na chakula zikawa katikati ya mapigano.

Mara nyingi kosa linawekwa juu ya mvuvi peke yake. Lakini kumuomba aache ziwa lipumzike miezi kadhaa, bila shamba na bila kazi ingine, ni kumuomba alale njaa. Kulinda mahali samaki zinazaliana kunawezekana, kama wavuvi wanashirikishwa, kama mwenye bunduki anafuata sheria ile ile, na kama jamaa zinapata namna ya kuishi wakati wa kufunga uvuvi. Bila hiyo, samaki itaisha, na Nyakakoma nayo itaisha.