Wakutubi wafunzwe zaidi ya kubofya

Tangu 1988, Chuo Kikuu cha Moi kimekuwa kikiwaandaa wakutubi. Maktaba nyingi za vyuo vyetu sasa hutumia Koha, programu isiyolipiwa leseni iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000. Hilo ni jambo jema. Hata hivyo, kujua kubofya si kujua kompyuta inavyotafuta.

Nikiwa mwanaisimu, nauona upungufu huo katika lugha. Maneno ya Kiingereza aghalabu hubadilika mwishoni. Hivyo mwanzo wa neno hutosha kuuleta umoja na wingi. Ya Kiswahili hubadilika mwanzoni: mwalimu, walimu, ualimu. Mwanafunzi anayeandika “mwalimu” huenda asikione kamwe kitabu chenye “walimu” katika anwani yake, ingawa kimo rafuni.

Je, nani ataiondoa kasoro hiyo ila mkutubi wetu? Koha huruhusu yeyote kuirekebisha. Basi vyuo visikaririshe hatua za mashine tu. Viwafunze wanafunzi kuandaa vichwa vya mada kwa Kiswahili na kuyaunganisha maumbo ya neno moja. La sivyo, tutaendelea kununua vitabu ambavyo wasomaji wetu hawatavipata.