Lita Moja ya Maziwa na Gorogoro Mbili za Mahindi

Ndugu Mkulima wa Kipkelion,

Mwezi huu twataka kuzungumza nawe juu ya watoto wa miaka minne na mitano. Katika kila skimu wako watoto wa umri huo ambao hawaendi nasari, au huenda wiki moja na kukaa nyumbani wiki mbili. Si kwamba wazazi wao hawapendi elimu. Mama ni mjane mwenye robo eka, au baba ni kibarua wa kuchuma chai na kupalilia kahawa ya watu. Fedha za uji zikikosekana mtoto hurudishwa nyumbani, naye hubaki akichunga ndama.

Yafaa tukumbuke jambo hili lilivyoanza. Tarehe 1 Juni 1963 Mzee Kenyatta alituita kwa neno Harambee, na nasari nyingi za nchi hii zilijengwa kwa mikono ya wazazi. Mwaka 2003 Serikali iliondoa karo katika shule za msingi, lakini nasari haikuwamo katika mpango huo. Basi mtoto wa maskini alikaa nyumbani akingojea darasa la kwanza lisilo na karo, na alipofika huko aliwakuta wenzake wanajua kushika kalamu naye hajui. Kwa Katiba ya 2010 kazi ya nasari ilipewa kaunti, na kaunti zilianza kazi mwaka 2013. Tangu hapo kaunti huajiri walimu wa nasari na kujenga madarasa. Ni jambo jema, lakini mwalimu na darasa havishibishi tumbo.

Desturi yetu, fedha zikihitajika, ni kuita harambee kubwa. Twatengeneza kadi, twaalika wageni wa heshima, twapiga hema. Njia hiyo hufaa kwa mabati na saruji, maana nyumba hujengwa mara moja. Uji hupikwa kila siku. Mchango wa siku moja mwezi wa Aprili hauwezi kumlisha mtoto mwezi wa Oktoba. Tena, mwezi wa Julai 2024 Rais Ruto alitangaza kwamba maofisa wa Serikali wasishiriki tena katika michango ya hadharani. Basi tusikae tukitazama barabara tukingoja gari la mheshimiwa. Tuitazame mitungi yetu ya maziwa.

Hesabu yenyewe ni hii. Tuchukue nasari moja yenye watoto 40, na wakulima 100 wanaoizunguka. Kikombe cha uji chahitaji unga gramu 50 hivi. Kwa watoto 40 ni kilo 2 kwa siku. Tukihesabu siku 200 za masomo kwa mwaka, ni kilo 400. Kila mkulima akitoa gorogoro mbili za mahindi wakati wa mavuno, yaani kilo 4, unga wa mwaka mzima umepatikana. Kisha kila mkulima akatwe lita moja ya maziwa kwa mwezi. Tukiihesabu lita kwa shilingi 50, hizo ni shilingi 5,000 kila mwezi za sukari, kuni, kinu na kumpa mpishi kitu kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Kukatwa kwenye maziwa si jambo geni kwetu. Wazee waliopewa mashamba katika maskimu tangu 1962 walichukua deni la ardhi na deni la ng'ombe, na ushirika ulikata malipo katika fedha za mazao yao kabla hazijafika mkononi. Ikiwa njia hiyo ilifaa kulipia shamba, itafaa kumlipia mtoto uji.

Tafadhali shikeni mambo haya manne.

Kwanza, jambo hili lipitishwe katika mkutano wa wanachama wa ushirika, na kila mwenye kukubali aweke sahihi yake. Mtu asikatwe bila idhini.

Pili, fedha hizi ziwe na ukurasa wake katika vitabu vya karani, na hesabu ibandikwe kila mwezi kwenye kituo cha maziwa. Mchango hufa watu wakianza kunong'ona.

Tatu, mahindi yakaushwe vizuri kabla ya kupokelewa. Mahindi yenye unyevu huota kuvu yenye sumu. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125, wengi wao Ukambani. Mahindi usiyoweza kumpa mtoto wako, usiyapeleke nasari.

Nne, chungu kiwe kimoja. Mtoto wa mwenyekiti na mtoto wa kibarua wanywe uji ule ule, na pasiwe na mstari wa maskini wala daftari la maskini la kusomwa mbele ya watu. Kutoka siku hiyo asirudishwe mtoto yeyote nyumbani kwa ajili ya uji.

Huenda utasema, "Mimi sina mtoto mdogo." Lakini mtoto wa jirani asiyepita nasari atakaa darasa moja na mjukuu wako, na mwalimu atawasimamisha wote akimfundisha mmoja. Au utasema, "Kiangazi cha Januari maziwa hupungua." Ni kweli, na shule hufunguliwa mwezi huo huo. Kwa hiyo mweke akiba tangu mwezi wa Mei, majani yanapokuwa mengi na mitungi imejaa.

Mkulima mzuri hampi ndama maziwa siku ya sherehe tu na kumwacha siku nyingine. Humpa kila siku kwa kipimo, kwa maana ajua kwamba ndama aliyedumaa hawi ng'ombe mzuri hata ukimlisha vipi baadaye. Twaomba ushirika wa kila skimu utie jambo hili katika ajenda ya mkutano wake ujao, nawe Ndugu Mkulima uwe wa kwanza kuweka sahihi.